Prime ao mwenzako wa kazi? Filme moja ya Ubeleji iligawa lupango nzima

Siku ya posho jioni, mu lupango moja ya Kikula, huku Likasi, tuliketi watu karibu makumi mawili mbele ya televizyo moja. Kulikuwa wafanyakazi wa mugodi na wabibi zao, vijana wa kontra ya miezi mitatu, na wazee wawili waliokwisha kuacha kazi. Watoto walifukuzwa mara tatu, wakarudi mara nne. Tulileta filme ya Wabeleji, «Deux jours, une nuit», iliyotengenezwa mwaka 2014 na ndugu wawili, Jean-Pierre na Luc Dardenne. Haiko filme ya bunduki. Hakuna hata muziki, paka ile inayotoka ku radio mu motokari. Baada ya dakika kumi mtu mmoja akauliza: Sasa inaanza saa ngapi? Lakini hakuna aliyeondoka mpaka mwisho.

Kwa wale hawajaiona, mambo ni haya. Sandra, mama wa watoto wawili, anafanya kazi ku kiwanda kidogo cha plaki za sola. Alikuwa mugonjwa, ile ugonjwa ya kuvunjika moyo, mtu analala muchana na kulia bila kujua anachokilia. Wakati anataka kurudi kazini, mukubwa amekwisha kuona ya kama watu 16 wanatosha kufanya kazi ya 17, wakiongeza saa. Njo akawapa wachague: kila mmoja prime yake ya euro 1.000, ao Sandra arudi. Watu 14 walichukua prime. Siku ya tano jioni, rafiki mmoja anamupeleka Sandra kwa mukubwa, na mukubwa anakubali vote ingine siku ya kwanza asubuhi, kwa karatasi ya siri. Hivi Sandra iko na siku mbili na usiku mmoja kuzunguka nyumba kwa nyumba, kugonga mulango, kusema maneno yale yale: unipigie kura, ingawa utapoteza prime yako.

Wa kwanza kusema wazi alikuwa mama mmoja ambaye bwana yake anashuka chini ya udongo. Alisema yeye angefunga mulango. Si juu anamuchukia Sandra, hapana. Juu ya minerval ya watoto watatu, na mabati ya nyumba yenye kuvuja toka mvua ya mwaka jana. Euro 1.000, alisema, mimi sijaishika siku moja. Wengine walicheka, bwana yake hakucheka. Tunaandika neno lake mbele ya yote, juu wengi walilifikiri na yeye peke yake alilisema. Na filme yenyewe haimulaumu mtu wa namna ile. Wale wanaokataa hawako wabaya: mmoja bibi yake hana kazi, mwingine anafanya kazi ya pili mu duka siku ya yenga ili mwezi uishe salama. Na kuko Timur, yule anayefundisha watoto kabumbu: anapomuona Sandra anaanza kulia kwa haya, juu alichagua prime. Pale lupango ilinyamaza.

Kisha kukatokea bishano tusilolingojea. Kijana mmoja fundi wa umeme aliuliza: hawa ni wakosefu gani wenye motokari, friji na jiko safi? Wamoja wakapiga makofi. Mama yule wa mabati ndiye aliyemujibu: nyumba ile ni ya deni, na wakishindwa kulipa wanarudi mu nyumba za serikali walikotoka. Ukosefu ni kuanguka pale ulipofika, alisema. Sisi tunaona jibu lile lilikuwa bora kuliko mengi tuliyosoma juu ya filme hii.

Filme ilipigwa Seraing, karibu na Liège. Si mahali pageni sana kwa watu wa migodi. Seraing ni muji wa chuma: John Cockerill alianza kiwanda chake pale mwaka 1817. Kando yake walichimba makaa, na mugodi wa mwisho wa jimbo lile la Liège, Blegny, ulifungwa mwaka 1980. Ndugu Dardenne walikomalia kule, na filme zao karibu zote wanazipiga pale pale. Wameona ni namna gani muji unabaki wakati kazi inaondoka. Mzee mmoja alipoona zile barabara akasema zinafanana na kambi za zamani, paka miti ndiyo si yetu.

Mzee huyu alitoka mu «départ volontaire» ya mwaka 2003, wakati watu zaidi ya 10.000 waliacha kazi Gécamines kwa kuandika majina yao. Hakutaka kusema mengi. Alisema paka hili: siku ile yeye hakugonga mulango wa mtu, na hakuna mtu aliyegonga wake. Kila mmoja alikwenda peke yake na karatasi yake. Alikuwa anamutazama Sandra sawa mtu anayetazama ndugu.

Fundi wa umeme akarudi tena: kwa nini anagonga milango ya wenzake, hagongi ya mukubwa? Tulimukumbusha ya kuwa alikwenda kwa mukubwa, siku ya tano. Lakini neno lake lina nguvu. Mukubwa hakumufukuza mtu. Aliwapa wafanyakazi kazi ya kumufukuza, kisha yeye akaenda kupumzika. Kapita yeye alibaki kuwaambia watu ya kuwa kama si Sandra, itakuwa mwingine. Watu wa mugodi wanaijua sauti ile bila kusoma maandishi chini ya picha.

Mwisho tunausema, msomaji atusamehe. Kura zinakuwa 8 kwa 8. Sandra amekosa moja. Mukubwa anamuita mu biro: watu watapata prime, naye atarudi baada ya miezi miwili, wakati kontra ya mmoja itaisha na hawataianza upya. Yule mmoja ni Alphonse, kijana mweusi ambaye alimupigia Sandra kura na hofu yote ya kupoteza kazi. Sandra anakataa. Anatoka, anamupigia bwana yake telefone, na anatembea.

Wengi walisema ni ujinga. Mtu anatafuta kazi siku mbili, wanamupa, anaitupa! Vijana wa kontra hawakusema kitu. Mwishoni mmoja wao akauliza kama Alphonse alikuja kujua. Filme haionyeshe. Basi hatajua, akasema, na akaenda kumusaidia mwenye lupango kurudisha viti.

Ku mulango tulimusikia yule mama anamuuliza bwana yake: wewe ungeandika nini? Bwana akajibu karatasi ni ya siri. Walikwenda hivyo mpaka kona ya barabara, mama akiuliza, bwana akikataa.