Mafuta machafu ya injini: udongo hauyali yote

Ndugu mfanyakazi, ukimaliza kubadilisha mafuta ya jenereta au ya pikipiki, yale machafu unayapeleka wapi? Pengine unayamwaga nyuma ya nyumba ukisema udongo utayala. Si uongo wote. Udongo unayala kweli, ila unachagua.

Injini inapochemsha mafuta, ndani yake hujengeka sumu zenye umbo la pete za kaboni. Naftalini, ile yenye harufu ya vidonge vya kutunzia nguo, ina pete 2. Benzopireni ina pete 5. Katika udongo wamo bakteria, kama wale waitwao Pseudomonas, wenye vifaa vidogo sana vya kazi: vimeng'enya. Kimeng'enya cha kwanza huchukua oksijeni ya hewa na kubandika atomi 2 kwenye pete, nayo hulegea. Kingine huipasua, na vingine huendelea kukata hadi ile sumu inakuwa chakula cha bakteria.

Naftalini hawaichelewi. Benzopireni inaweza kubaki miaka. Na pale ulipomwaga kila mara, udongo umeshindiliwa, umelowa mafuta, hewa haipiti. Bila oksijeni kile kimeng'enya cha kwanza hakina cha kubandika. Tena baridi ya milima ya Butembo huwapunguzia bakteria mwendo kuliko joto la Beni. Sumu inashika udongo, mvua inaubeba mpaka kijitoni, na watoto wanauchezea.

Benzopireni huleta kansa. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliona kansa ya ngozi ya korodani kwa wasafisha dohani. Masizi yale yalikuwa na sumu za ukoo huu huu. Basi usinawie mikono mafuta ya injini wala esansi, sabuni inatosha. Nawe mama, nguo ya kazi yenye mafuta usiifue pamoja na nepi. Kuna wanaopaka mafuta hayo kwenye upele, eti ni dawa. Acheni kabisa.

Yakimwagika kidogo kwa bahati mbaya, vaa glavu, chota udongo ule, uchanganye na samadi, uutandaze mbali na maji na shamba. Ugeuze kwa jembe kila juma, uwe na unyevu kidogo. Hapo bakteria wanapata hewa. Mafuta yenyewe yatie katika pipa lenye kifuniko, umkabidhi mkuu wa karakana.