Boti ya Faiba Nayo Yataka Kutunzwa

Ndugu wanavikundi wa kando ya Ziwa Naivasha, boti ya faiba haiozi kama ya mbao, lakini jua huila. Huku tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na jua ni kali. Ile ngozi ya juu inayong'aa hupauka. Ukipitisha kidole chatoka na unga kama wa chaki. Na mkopo bado mnalipa!

Itoeni majini juu ya magogo, msiiburute kwenye mawe. Mwoshee mbali na ziwa, maana watu huchota maji pale. Tumieni sabuni ya maji na kitambaa laini. Waya ya kusugulia sufuria ibaki jikoni. Ikikauka kabisa, pakeni nta ya boti au ya gari mkiwa kivulini, sehemu ndogo ndogo, msugue mpaka ing'ae. Mrudie kila baada ya miezi michache.

Lakini nta haizibi ufa. Mkiona nyuzi zimetokeza, maji yanaingia ndani. Ikaushwe siku kadhaa, fundi azibe kwa rezini kwanza, kwani juu ya nta rezini haishiki. Isipotumika, ifunikeni kwa turubai.