Malezi ya Mwanafunzi Mwislamu katika Nchi ya Shaba
Sehemu ya Pili: Saa za Mtoto

Mwaka 1906 yalitokea mambo mawili ambayo athari zake bado zinaonekana katika madarasa ya Kolwezi, mji wa migodi wa mkoa wa Lualaba nchini Kongo. Mwezi Mei, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilitiliana saini na Vatikani mkataba ulioyapa mashirika ya kimisionari ardhi kwa sharti la kufungua shule, na mwezi Oktoba ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyokuja kuchimba shaba ya eneo zima na kuwakabidhi wamisionari wa Kikatoliki shule za kambi za wafanyakazi wake. Waislamu, ambao dini yao iliingia mashariki mwa Kongo katika karne ya 19 kwa misafara ya biashara kutoka Zanzibar hadi Kasongo na Nyangwe, hawakuwamo katika mapatano hayo. Waliendelea kusomesha watoto wao chuoni, yaani katika madrasa ya msikitini au barazani kwa mwalimu. Ni baada ya uhuru ndipo serikali ilipoitambua jumuiya yao, COMICO, na kuziingiza shule za Kiislamu katika kundi la shule za mkataba, ambazo husimamiwa na dini lakini hufuata mtaala wa taifa.

Urithi huo umemwachia mtoto wa Kiislamu shule mbili, ya serikali na ya dini, na katika Lualaba wengi wanaongezewa kazi juu ya hizo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni bure, lakini agizo hilo lilianza kutekelezwa nchi nzima Septemba 2019, na katika miaka hiyo yote ya kungoja ni mzazi aliyebeba minervali, yaani karo, pamoja na malipo ya kuwaongezea walimu mshahara. Gécamines, shirika la umma lililorithi migodi ya Union Minière na ambalo kwa muda mrefu liliwapa wafanyakazi wake shule na hospitali, lilikwisha kuporomoka tangu miaka ya 1990, na familia zikageukia kuchimba kwa mikono. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kuwa watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi, ingawa sheria inakataza. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 ilieleza watoto wanaookota mawe yenye kobalti katika mabaki ya migodi, wanaoyaosha mtoni na kuyachambua, kwa ujira wa faranga 1,000 hadi 2,000 kwa siku. Baadhi yao walikuwa wanafunzi, waliofanya kazi hiyo baada ya masomo, mwishoni mwa wiki na wakati wa likizo.

Saa hizo za baada ya masomo na za mwisho wa wiki ndizo saa za madrasa. Mtoto anayefika mbele ya mwalimu baada ya kuinamia maji tangu adhuhuri atasinzia juu ya juzuu, na mwalimu asiyejua alikotoka atauchukua usingizi huo kuwa utovu wa adabu na kunyanyua fimbo. Hapa ndipo wanazuoni wanapohitaji kusikilizwa. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika kitabu chake Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwa sababu kumzuia michezo na kumbebesha masomo bila kikomo huufisha moyo wake na kuizima akili yake. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alionya katika kitabu chake Muqaddima kwamba anayefunzwa kwa ukali hujifunza uongo na hila ili kuukwepa mkono unaompiga. Tarbiya, yaani malezi yanayomkuza mtoto kimwili, kiakili na kiroho kwa pamoja, haiwezi kujengwa juu ya mwili uliochoka. Mwalimu wa Kolwezi anayeuliza kwanza mtoto amekula nini na ametoka wapi, kabla ya kumsomesha, anatekeleza wajibu wake wa dini.

Ipo pia tarbiya ya soko. Miongoni mwa sura za juzuu ya Amma, ambayo watoto huihifadhi mapema, imo Sura al-Mutaffifin, inayowakemea vikali wanaopunja vipimo. Mtoto huyohuyo akipeleka gunia lake kwenye depo, yaani kituo cha kununulia madini, anakuta mizani na kile kifaa cha kupimia kiwango cha madini, ambacho wachimbaji hukiita metorex, viko mikononi mwa mnunuzi peke yake, na malalamiko ya wachimbaji kuhusu vipimo hivyo ni ya miaka mingi. Madrasa inayomhifadhisha sura hiyo bila kumweleza kwamba inazungumzia gunia lake imemnyima nusu ya somo.

Mnunuzi akiwa Mwislamu, ana deni jingine, nalo ni zaka. Mafakihi wamehitilafiana kuhusu zaka ya shaba inayotoka ardhini: Mashafii na Wamaliki wameiweka katika dhahabu na fedha tu, Mahanafi wametaka sehemu moja ya tano, na Mahanbali asilimia 2.5. Lakini shaba na kobalti vikishanunuliwa ili viuzwe ni bidhaa, na zaka ya biashara, asilimia 2.5 kila mwaka kwa mali iliyofikia nisabu, yaani kima cha chini cha kuwajibikiwa, inatambuliwa na madhehebu yote manne. Fukara na masikini ndio wa mwanzo kutajwa katika makundi manane ya wanaostahiki kuipokea. Kwa hiyo fedha inayoweza kumtoa mtoto mtoni na kumrudishia mchana wake tayari ni haki yake, na imo ndani ya thamani ya jiwe aliloliosha.

Sehemu ya tatu itaeleza namna zaka hiyo inavyoweza kukusanywa na msikiti mmoja mmoja na kugeuzwa wakfu, yaani mali inayofungwa kwa ajili ya kheri ya kudumu.