Uliacha digrii ya biashara njiani? Jibu maswali haya kabla ya kulipa karo ya masomo ya mbali

Kila ukirudi ushago wakati wa sikukuu, kuna shangazi ambaye hakosi kuuliza: “Na wewe, chuo ulimaliza lini?” Unacheka kidogo, unajifanya unatafuta chaja, unatoka nje.

Ukweli ni kwamba hukumaliza. Karo ilikatika ukiwa mwaka wa tatu, ukasema utafute kazi kwa muhula mmoja tu. Muhula huo sasa ni miaka minne.

Kazi unayo. Pengine unaendesha duka la M-Pesa, ama katika duka la jumla la mjomba wewe ndiwe keshia, karani wa stoo na mhasibu. Lakini nafasi ya meneja ikitangazwa mahali, sharti la kwanza ni lile lile: shahada.

Habari njema ni kwamba yuniti ulizopita zinaweza kukufaa bado, na unaweza kumalizia shahada ya biashara kwa masomo ya mbali bila kuacha kazi. Habari mbaya? Matapeli nao wanajua unatafuta. Kwa hivyo kabla hujatuma hata shilingi moja, jibu maswali matatu.

Kwanza: kozi yenyewe imeidhinishwa?

Hapa Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ndiyo huidhinisha vyuo vikuu na kozi zake. Shika hilo neno “na”. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa ilhali kozi unayouziwa haijapitishwa. Usitosheke na nembo uliyotumiwa kwenye WhatsApp. Ingia tovuti ya Tume, tafuta jina kamili la kozi, kisha uliza kama idhini hiyo inahusu pia masomo ya mbali.

Machaguo yapo. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichotunukiwa hati yake Agosti 2023 na ambacho makao yake ni Konza, kiliundwa mahsusi kwa masomo ya aina hii, na kina shahada ya Biashara na Ujasiriamali. Vyuo vya zamani kama Nairobi na Kenyatta pia hufundisha kwa mbali. Ukipendelea chuo cha nje, tuseme UNISA ya Afrika Kusini, iulize Tume mapema jinsi shahada yake inavyotambuliwa hapa nchini.

Lakini mtu akikuahidi digrii kwa miezi mitatu kwa sababu “una uzoefu wa kazi”, mblok. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi ulikuwa umefichua zaidi ya vyeti ghushi 2,000 vya wafanyakazi wa umma. Waajiri wanakagua siku hizi, na mwenye karatasi bandia hupoteza pesa, kazi na jina.

Pili: yuniti zako ngapi zitahesabiwa?

Rudi chuo cha zamani uchukue transkripti. Hapa ndipo wengi huogopa, kwa sababu wameacha deni na wanajua transkripti itazuiliwa. Usijifiche. Nenda ofisi ya fedha uombe kulipa kidogo kidogo, kisha uulize kama chuo hicho kinaweza kukuruhusu kumalizia kwa mbali. Ukihamia kwingine, usitarajie yuniti zote zikubaliwe, maana chuo kinachokupa shahada hutaka sehemu kubwa usomee kwake. Omba jibu kwa maandishi, yuniti moja moja, kabla ya kulipa karo ya kwanza.

Tatu: saa unazo?

Piga hesabu. Yuniti ya kawaida huwa na saa 45 za masomo. Ukizigawanya kwa muhula wa wiki 15, unapata saa 3 kwa wiki. Yuniti 4 ni saa 12 kila wiki, na hapo hujaandika kazi za nyumbani wala kusoma mwenyewe. Aliyebakisha yuniti 14, akichukua 4 kwa muhula, anahitaji mihula 4. Si mchezo, lakini si milele.

Na hapa mtu wa biashara ana bahati. Ukisoma usimamizi wa mtaji wa kuendeshea biashara, wewe tayari unajua maumivu ya kuwa na floti nyingi kwenye simu na mteja amesimama akitaka pesa taslimu. Kitabu kinakupa tu jina na fomula. Tumia leja ya duka kufanyia mazoezi ya uhasibu, mradi mwenye duka akubali.

Kinachoangusha wengi si ugumu wa masomo, ni upweke. Hakuna mhadhiri wa kukuona ukisinzia. Tafuta wenzako wawili wa kozi moja mpigiane simu kila wiki. Pakua video ukiwa penye Wi-Fi ili bando na stima visikuangushe usiku wa kuwasilisha kazi. Uliza pia kama mitihani hufanywa ana kwa ana, umwambie bosi tarehe mapema. Kuhusu karo, kama umeajiriwa kwa mshahara, HELB ina mkopo uitwao Jielimishe. Soma masharti yake vizuri, kwani mkopo ni deni.

Usianze na kujisajili. Anza na transkripti, wiki hii. Ukiwa nayo mkononi, maswali mengine yote yana pa kuanzia.

Desemba ikifika, shangazi atauliza tena. Safari hii acha chaja mahali ilipo, umwambie: “Nimebakisha yuniti 10, shangazi.”