Mkoba wa Mwanafunzi Upangwe kama Shanta la Askari

Kila askari aliyepitia mafunzo hujua kwamba shanta halijazwi tu, bali hupangwa. Kitakachohitajika mwisho hutangulia chini. Kizito hukaa karibu na mgongo. Na kile kinachookoa maisha, kama vile bendeji, huwekwa mahali ambapo mkono utakifikia hata gizani. Lakini ni wangapi kati yenu, ndugu walinzi wa raia, mliowahi kuwafundisha jambo hili watoto wanaopita mbele ya vituo vyenu kila asubuhi wakienda shuleni?

Tunasema haya tukikifikiria kijiji cha Mute, wilayani Palma, katika mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Mwezi Desemba 2020 kijiji hicho kilishambuliwa, na tarehe 24 Machi 2021 ukashambuliwa mji wenyewe wa Palma. Kufikia mwaka 2022 watu waliokwisha yahama makwao kaskazini mwa Msumbiji walikaribia milioni moja. Wengi wao waliondoka mikono mitupu, bila kitambulisho wala cheti cha kuzaliwa, hata ikabidi Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lishirikiane na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji kuwasaidia kupata hati mpya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mtoto wa Mute, daftari lenyewe ndilo mali.

Ardhi hiyo si ngeni kwa elimu ya mizigo. Katika vita vya ukombozi vya 1964 hadi 1974, zana na vyakula vilivushwa mto Ruvuma kutoka Tanzania, kisha vikachukuliwa vichwani na mabegani mwa wananchi kuelekea ndani. Miongoni mwa wachukuzi hao walikuwamo wanawake wengi, na mwaka 1967 wanawake wakaundiwa kikosi chao. Katika safari kama hizo, mzigo uliofungwa ovyo humchosha mmoja na kuuchelewesha msafara mzima.

Basi mkoba wa mwanafunzi upangweje? Kwanza, uzito. Wataalamu wengi hushauri kwamba mzigo wa mtoto usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 25, kwa hiyo, asipite kilo 3 na nusu hivi. Dawa yake ni ratiba: kila jioni mkoba umwagwe, na virudishwe vile tu vinavyohitajika kesho. Kitabu kikubwa kigusane na mgongo, madaftari yafuate, na kalamu zikae katika mfuko wake ili zisitoboe kurasa. Mikanda yote miwili ivaliwe, wala si mmoja begani.

Pili, maji. Mwaka wa masomo nchini Msumbiji huanza wakati mvua za masika zingali zikinyesha. Vitabu vya shule ya msingi hutolewa bure na serikali, lakini kilicholowa hakirudishiwi upesi. Mfuko wa nailoni ndani ya mkoba watosha kukiokoa.

Tatu, hati. Nakala ya cheti cha kuzaliwa, pamoja na jina la mzazi na la kijiji, vifungwe katika nailoni na kushonewa mfuko wa ndani, mahali pamoja siku zote. Mtoto akitengana na wazazi wake, karatasi hiyo itamsemea.

Hapo ndipo wajibu wenu unapoingia. Upekuzi kizuizini ni wa lazima, na hakuna anayeukataa. Lakini mkoba ukimwagwa topeni, kazi ya mwaka mzima huharibika kwa dakika moja, na mtoto hujifunza kumwogopa yule aliyekuja kumlinda. Mwacheni aufungue mwenyewe. Kitandikwe kitu kikavu. Vitolewe kimoja kimoja na kurudishwa kwa utaratibu ule ule. Askari anayejua shanta lake hatashindwa.

Lipo pia jambo la hatari. Watoto hupenda kuokota vyuma vinavyong'aa na kuvitia mkobani. Waambieni wazi: kitu kisichojulikana kisiguswe, bali mtu mzima aarifiwe. Wala msiwagawie watoto mashanta yenu makuukuu yenye rangi za kijeshi, hata kwa huruma. Aonekanaye kwa mbali kama askari aweza kupigwa kama askari.

Tunawaomba makamanda na wakuu wa vituo, kwa ruhusa ya walimu, watenge nusu saa shule zinapofunguliwa. Silaha zibaki nje ya uzio. Aingie askari mmoja na shanta lake, alimwage mbele ya wanafunzi, kisha alipange upya huku akieleza sababu ya kila kitu. Baadaye nao wamwage mikoba yao.