Fosforasi Inayoishia Kwenye Samadi

Kuanzia Bunju na Mapinga hadi Kerege, Zinga na Bagamoyo mjini, mfugaji wa nguruwe yuko jirani na wateja wengi wa kitimoto wa Dar es Salaam. Kuuza si tatizo lake kubwa. Linalombana ni chakula: zaidi ya nusu ya gharama zake huishia kwenye pumba, mashudu na dagaa, na juu yake DCP, unga wa madini ya fosforasi unaopanda bei dola ikipanda.

Kinachouma ni kwamba fosforasi imo tayari ndani ya pumba. Takriban theluthi mbili ya fosforasi ya mahindi na pumba zake imefungwa kwenye kemikali iitwayo fitati, na tumbo la nguruwe haliwezi kuifungua ya kutosha. Fitati hukamata pia zinki na kalsiamu. Mfugaji hununua madini mara mbili; yale ya kwanza hutoka na samadi.

Kimeng'enya kiitwacho fitase hufungua kifungo hicho. Kilianza kuuzwa Uholanzi mwaka 1991, samadi ya nguruwe ilipokuwa ikichafua maji ya huko kwa fosforasi. Kwetu hoja ni mfuko wa mfugaji.

Kipimo kinachotumika sana ni yuniti 500 kwa kilo ya chakula. Kama bidhaa ina yuniti 5,000 kwa gramu, tani moja huhitaji gramu 100 tu. Ugumu uko hapo. Ukizimwaga juu ya lundo na kuchanganya kwa koleo, nguruwe mmoja atapata nyingi na mwenzake hatapata kitu. Zianze kuchanganywa na kilo moja ya pumba, kisha kilo kumi, ndipo ziingie kwenye lundo. Pakiti nayo isikae kwenye stoo yenye joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili.

Kuna kosa jingine, la chokaa. Makombe na chokaa ya matumbawe hupatikana kwa urahisi huku, hivyo watu huzidisha kwenye chakula. Kalsiamu ikizidi hushikana na fitati na kimeng'enya hushindwa kazi. Vilevile, anayetia fitase bila kupunguza DCP ameongeza gharama tu.

Kwa mwenye nguruwe wachache, naona inafaa zaidi kununua kwa kikundi na kuchanganyia mahali pamoja, kwa kipimo cha mtaalamu wa lishe ya mifugo. Na pakiti isiyoandikwa idadi ya yuniti na tarehe ya kuisha muda, mrudishieni muuzaji.