Bildi ya Mwanga

Mvuvi wa Bwejuu anajua kupima kina cha maji. Anateremsha bildi, yaani risasi iliyofungwa kamba, mpaka igonge chini. Kamba iliyozama ndiyo kina. Lakini hewa iliyo juu ya bahari utaipima kwa kamba gani?

Wataalamu huipima kwa mwanga. Chombo chao kinaitwa lida. Hufungwa ndani ya ndege, kikaelekezwa chini baharini, kikatoa mwanga wa leza kwa vipande, kama mtu anayewasha na kuzima tochi upesi sana.

Jaribu usiku kumulika tochi jikoni penye moshi. Utauona mwanga umenyooka kama fimbo. Pasipo moshi, fimbo huioni. Ni moshi unaorudisha mwanga kidogo machoni mwako. Lida nayo hungoja mwanga unaorudi. Ukirudi mwingi, basi pana moshi, vumbi au mawingu. Ukiwahi, uchafu uko karibu na ndege. Ukichelewa, uko chini zaidi. Na mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, kwa hiyo saa ya kupima kuchelewa huko siyo hii ya mkononi!

Kazi hiyo ilifanywa katika Bahari yetu ya Hindi, Januari hadi Machi 1999. Wataalamu wa India, Ulaya, Marekani na kwingineko waliweka kambi kuu visiwani Maldivi. Walichagua miezi ya kaskazi makusudi. Upepo huo ulioleta majahazi Unguja tangu zamani, kule huchukua moshi wa viwanda, magari na meko kutoka nchi za Asia, ukaupeleka baharini.

Lida za ndege ziliuona moshi umepanda kiasi cha kilomita 3. Mara nyingi moshi mzito ulikuwa umekaa juu ya hewa ya baharini, kama mafuta juu ya maji. Aliyepima akiwa melini tu angepata nusu ya habari.

Moshi huo hukinga jua. Mahali ulipozidi, mwanga uliofika baharini ulipungua kwa asilimia 10 hivi. Jua likipungua, mvuke wa bahari hupungua, na mvua hutokana na mvuke. Kwa sisi tunaoanika mwani na kungojea masika, habari hii siyo ya mbali.

Lakini moshi haukai hewani miaka. Mvua huuosha. Wataalamu walipofika kusini ya Maldivi, ng'ambo ya pale pepo mbili zinapokutana na mvua kunyesha, walikuta hewa safi.